Nishani Zilizokosa Jeneza

Mume wangu alipokata roho, mtu wa kwanza kuingia ndani hakuwa padre wala daktari. Alikuwa Clemens Overbeck, na alikuwa na haki hiyo. Hapa kwetu Ossenrode, kijiji cha Ujerumani, jirani wa kwanza, yaani yule ambaye mlango wake unatazamana na wako, ndiye mwenye mazishi. Yeye husimamisha saa ya ukutani, hufungua dirisha, huenda zizini kuwaambia ng'ombe kwamba bwana wao amefariki. Hupita nyumba kwa nyumba kupeleka habari. Hupanga nani atangulie na nani afuate. Kazi ya mjane ni kukaa na kulia. Mambo yamekuwa hivyo tangu enzi za mababu, na hakuna aliyewahi kuuliza itakuwaje jirani wa kwanza akiwa nyoka.

Clemens aliifanya kazi yake vizuri, simnyimi haki. Alisimamisha saa, akafungua dirisha, akaenda zizini akavua kofia mbele ya ng'ombe wetu na kuwaambia kwa sauti ya mwenyekiti, "Bwana wenu, Kapteni Alfons Terhorst, hayupo tena." Ng'ombe waliendelea kutafuna. Mmoja alimgeuzia mkia, na ingawa nilikuwa na msiba nilimpenda sana ng'ombe yule.

Kisha akarudi jikoni, akakaa bila kukaribishwa.

"Adelheid," akasema, "hayatakuwa mazishi ya kawaida haya. Chama kimeshapigiwa simu. Bendi inakuja. Mwandishi wa gazeti anakuja na kamera yake. Kapteni atakwenda na nishani zake mbele, juu ya mto wa mahameli, kama inavyostahili."

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Nishani hazitamtangulia. Alinikataza, nami nikamwahidi."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekataa uji. Chama alichokitaja ni chama cha wapiganaji wa zamani, na yeye ndiye mwenyekiti wake, ingawa vita vizima alivimalizia humu humu kijijini, amevaa buti za kung'aa, akiwa kiongozi wa chama kingine ambacho siku hizi hakitajwi.

Niseme mume wangu alikuwa nani, maana siku zile tatu kila mtu alinieleza habari zake, kana kwamba nililala miaka ishirini na mtu nisiyemjua.

Alfons alikuwa mkulima, na alipoitwa jeshini akawa askari wa miguu. Si wa ndege, si wa vifaru. Alitembea. Alitembea mpaka Ufaransa, akapewa Msalaba wa Chuma wa daraja la pili. Alitembea mpaka Urusi, akapewa wa daraja la kwanza, na beji ya mashambulizi, na beji ya majeruhi, kwanza nyeusi, halafu ya fedha, kwa sababu risasi zilimrudia. Mwaka arobaini na tatu aliambiwa ashike kivuko cha mto mmoja, na akakishika kwa siku nne. Kwa hilo wakamvika ule msalaba mkubwa wa shingoni, na picha yake ikatoka gazetini. Wanawake wa kijiji waliniletea mayai. Nilikuwa na fahari, sikatai. Nilikuwa mjinga mwenye fahari.

Yeye hakuwa nayo. Alipokuja likizo nikamwomba anionyeshe, akautupa mezani kati ya mkate na siagi.

"Mimi wamenipa msalaba mmoja wa chuma," akasema. "Vijana wangu wamepewa misalaba ya mbao, kila mtu wake. Nusu ya kikosi, Adelheid. Na vijiji tulivyopita humo njiani usiniulize. Niliviona vikiungua. Nilikuwepo."

Sikumuuliza. Baadaye, vita vilipokwisha, alinieleza mwenyewe, kidogo kidogo, majira ya baridi baada ya majira ya baridi, na hakujitetea hata mara moja. Hilo ndilo lililonifanya nibaki naye. Na kitandani, mapafu yakishamwishia, alinishika mkono akasema, "Hivyo vyuma visinitangulie. Mtu anayenizika anizike kwa kile nilichokifanya nikiwa na akili zangu." Nikasema ndiyo. Ahadi kwa mtu anayekufa si maji, huwezi kuimwaga.

Basi nikamwambia Clemens, "Hata ungetaka huzipati. Nishani alizitupa mwenyewe kwenye shimo la mbolea la ng'ombe, mwaka arobaini na tano. Mimi nilimshikia taa. Leta koleo uchimbe."

Nilidhani nimemshinda. Kesho yake akarudi na kisanduku. Akakifungua mbele yangu, taratibu, kama sonara. Humo mlikuwa na nishani zote, mpya, zikimeta. Sheria imetoka mwaka jana, akanieleza, nishani za vita zinaruhusiwa kuvaliwa tena mradi zisiwe na swastika, na kuna kiwanda kinachozitengeneza upya, katikati pamewekwa majani matatu ya mwaloni.

"Chama kimezinunua," akasema. "Zawadi yetu kwake."

Nikaushika ule wa shingoni. Ulikuwa mwepesi na ulinuka rangi.

"Clemens, hiki kitu hakijasikia hata mlio wa bunduki."

"Ni alama tu."

"Hata wewe hukuwahi kuusikia. Mnafanana."

Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Sikiliza, jirani. Mimi ndiye jirani wa kwanza. Mazishi nayapanga mimi, wewe unakaa na kulia. Ndiyo mila. Bendera mbele, bendi, halafu mimi na mto, halafu jeneza. Tunashika barabara ya lami mpaka kanisani, padre atatupokea langoni. Na uwaambie ndugu zako kwamba anayetangulia hageuki nyuma. Akigeuka, kifo kinachagua mwingine kabla ya mwaka kwisha. Ukitaka kupigana na mila, pigana. Utaona nani atalibeba jeneza lako."

Akachukua kisanduku chake akaenda zake. Niliketi pale na hasira, si huzuni. Mtu yule kwa miaka kumi na mitatu alimwita mume wangu msaliti pale baa, mbele ya bilauri yake ya bia, na leo anamvika kilemba cha ukoka ili apigwe picha amesimama kando yake. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Na kwa nini alimwita msaliti? Hili kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilinyamaza.

Mwezi wa tatu mwaka arobaini na tano, juma kabla ya Pasaka, Alfons alikuwa hapa, anachechemea kwa fimbo. Walimpa kikosi cha mwisho cha maisha yake: watoto wa miaka kumi na sita kutoka mashamba ya hapa hapa, sare zimewavaa badala ya wao kuzivaa. Amri ilikuwa washike daraja la mfereji mpaka mtu wa mwisho. Vifaru vya adui vilikuwa vimeshasikika. Alfons aliwatazama wale watoto, nadhani akauona ule mto wa Urusi. Jioni akawapanga nyuma ya ghala letu, akawaamuru waweke bunduki chini.

Barabara ya lami ilikuwa na askari polisi wa jeshi, na aliyekamatwa akikimbia alinyongwa mtini pale pale. Lakini polisi wale walikuwa wageni. Hawakujua kwamba kila nyumba ya Ossenrode ina njia yake ya wafu.

Ndiyo, kila nyumba ina yake. Maiti wa nyumba hii hapiti njia ya nyumba ile. Ya kwetu inatokea nyuma ya ghala, inakata konde la Overbeck, inavuka mtaro, inapita kati ya miti ya mierebi na kufika kwenye mlango mdogo wa ukuta wa kanisa. Haina jiwe wala kibao. Walio hai hawaipiti, ni mwiko, na konde likiuzwa mara mia njia haiuzwi nalo. Alfons akawaambia wale watoto, nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikisikia, "Leo piteni njia ya wafu, ili mwendelee kuishi. Mkifika kanisani tawanyikeni, kila mtu kwa mama yake. Hii ni amri yangu ya mwisho. Na amri ikitekelezwa hutolewa ripoti. Mkifika nyumbani, niletewe ripoti."

Ripoti haikuletwa. Clemens alikuwa ameshawapigia simu wale polisi wa jeshi. Kabla hapajapambazuka walimchukua Alfons, wakamfungia chini ya shule, wakamhukumu kupigwa risasi. Vifaru vya Waingereza vikafika kabla ya risasi. Alfons akatoka akiwa hai, akaja moja kwa moja nyumbani, akazitupa nishani shimoni. Clemens yeye alikutwa kwenye majani makavu ya ng'ombe wake, amevua buti na kunyoa masharubu. Miaka mitatu baadaye alikuwa na shati jeupe na duka la matrekta.

Wale watoto walikua, wakaoa. Lakini baa ni ya wanaume, na mwenye sauti baa alikuwa Clemens. Pale palisemwa kuna waliopigana na kuna waliokimbia, na anayetaka mkopo wa trekta hataki kuwa miongoni mwa waliokimbia. Basi wakamwamkia mume wangu kwa kuinamisha macho. Kila juma la Pasaka Alfons alisimama nyuma ya ghala na fimbo yake, akaniambia kwa utani, "Kikosi bado hakijaripoti." Alicheka akisema hivyo. Mimi sikucheka.

Jioni kabla ya mazishi walikuja majirani wa kusali rozari, na baada ya sala nikamzuia Ludger Niehoff jikoni. Ludger ana mikono kama majembe na mabinti watatu, na alikuwa mmoja wa wale watoto. Wabebaji wa jeneza huwa ni watu wa nyumba sita za karibu, mila ndiyo inayowataja, na katika wale sita, wanne walikuwa wa kikosi kile. Clemens alikuwa na mambo ya bendi kichwani, hilo hakulifikiria.

Nikammiminia kahawa. "Ludger, mwanangu, kesho mnapita wapi?"

"Clemens kasema lami, mama."

"Sikukuuliza Clemens kasema nini. Nyumba hii wafu wake wanapita wapi?"

Akatazama dirishani. Tangu mama mkwe wangu afe, kabla ya vita, hakuna aliyekufa nyumbani hapa, na Clemens alikuwa ameilima njia yetu pamoja na konde lake.

"Mama, pale pana shayiri sasa. Inafika magotini."

"Kabla ya mazishi jirani wa kwanza huifungua njia. Ni kazi yake, ya kwanza kabisa, kabla hata ya ng'ombe. Ameifungua?"

"Hajaifungua."

"Basi shayiri ni yake, njia ni yetu."

Ludger akanywa kahawa yote. Aliweka kikombe, akakizungusha kwenye kisahani, akasimama.

"Atatufilisi yule mtu," akasema.

"Huenda."

"Trekta langu sijamaliza kulilipa."

 Nilijua ninachomwomba, na kama angeniambia hapana nisingemlaumu, ila kesho ningelala mwenyewe kizingitini wanipite juu. Akafika mlangoni, akageuka.

"Nitawaambia wenzangu waje na viatu vya shamba."

Asubuhi palikuwa na jua. Barabarani wamejipanga: bendera, tarumbeta, ngoma, wazee wa chama na vifua vyao vinavyolia kama kengele za mbuzi. Clemens yuko nyuma ya bendi, glavu nyeupe, mto wa mahameli umelazwa juu ya mikono, nishani zake mpya zinamulika. Mwandishi wa gazeti alimpiga picha kwa mbele, akampiga kwa ubavuni, na Clemens akavuta tumbo ndani mara zote mbili.

Jeneza likatoka mlangoni, miguu ya marehemu ikitangulia. Kengele ya kanisa ikalia. Bendi ikaanza wimbo wa huzuni wa askari, ngoma ikapiga pole pole, bendera ikaondoka, na Clemens akaanza kutembea kwa zile hatua za gwaride ambazo mume wangu, aliyezifanya kwa haki, hakuzipenda kamwe.

Wabebaji wakafika kwenye kona ya nyumba. Nikamwona Ludger akiwatazama wenzake. Wakageuka kushoto.

Nikawafuata. Watu walisimama wakababaika, huku bendi inakwenda, huku maiti anakwenda. Kisha bibi mmoja kizee wa nyumba ya kinu akasema kwa sauti, "Mimi nimekuja kumzika mtu, si mto," akashika njia ya ghala, na wote wakamfuata. Mwandishi wa gazeti alikuja mbio na kamera yake, anaruka madimbwi.

Na Clemens? Clemens hakugeuka. Anayetangulia hageuki nyuma, ndiye aliyetufundisha. Ngoma na tarumbeta zilimziba masikio, akaenda na mto wake katikati ya lami, kichwa juu, anaongoza hewa tupu mpaka kanisani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Sisi tuliingia kwenye shayiri. Ilikuwa na umande, ikatulowesha mpaka magotini. Chini yake ardhi ilikuwa ngumu, jembe la miaka kumi halikuweza kuilainisha njia ya miaka mia tatu, na wabebaji wakaipata kwa nyayo kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Katika msafara wa mazishi watu hawaongei, lakini pale kwenye mtaro nikamsikia Egon Brockhoff, aliyebeba nyuma kulia.

"Hapa pana shimo. Angalieni."

"Tunajua," akasema Ludger. "Si hapa ulipoacha kiatu?"

"Hapa hapa. Cha kushoto."

"Ukalia."

"Nilikuwa na miaka kumi na sita, bwana! Nawe ulilia, tena huku viatu unavyo viwili."

Jeneza likatikisika, na nikaelewa kwamba wanacheka, wanne wale, na machozi yanawatoka, na mabega hawayashushi. Nami nikacheka kwa sauti, mjane, nyuma ya jeneza la mume wangu, na atakayenisema anisemee usoni.

Mlango mdogo wa ukuta ulikuwa umeshikwa na kutu. Ludger aliusukuma kwa goti ukafunguka. Tulipofika kaburini, padre alikuwa bado langoni kule mbele, mdomo wazi, anampokea Clemens na mto. Akatuona, akauacha mto, akaja kwetu anakusanya kanzu yake.

Clemens alifika anahema. Nishani moja ilikuwa imemdondoka njiani.

"Adelheid! Umeniaibisha mbele ya watu! Na shayiri yangu..."

"Njia hukuifungua, jirani wa kwanza," nikasema. "Tumekufungulia."

Watu wakaguna. Hakuna mtu wa Ossenrode asiyejua uzito wa kosa lile, kumsahaulia maiti njia yake.  Clemens akatafuta pa kuuweka mto, hakupata, akabaki ameubeba. Kisha akajikaza akatoa karatasi mfukoni, kwa shida, maana mikono imejaa, na akaanza kusoma habari za kapteni: kujiunga na jeshi, Ufaransa, Urusi, nishani hii tarehe fulani, nishani ile tarehe fulani, kivuko cha mto. Akafika mwaka arobaini na tatu akakunja karatasi.

"Endelea," nikasema.

"Hapo ndipo mwisho wa rekodi yake."

"Mwaka arobaini na tano alipewa kikosi. Endelea."

"Hakuna kitu kilichoandikwa!"

 Nilikuwa tayari kusema mwenyewe, maneno yalikuwa yameshanifika kooni kwa miaka kumi na mitatu. Lakini Ludger akajitenga na wenzake. Alisimama ukingoni mwa kaburi na buti zake za shamba, shayiri imemganda surualini, akabana visigino. Nyuma yake Egon akabana vyake, na yule mwingine, na yule mwingine. Halafu huko katikati ya watu nikaanza kuwaona wengine: mwoka mikate, mwendesha mkokoteni wa maziwa, mwalimu wa kwaya, mmoja baada ya mwingine wanasogea, wananyooka, wanaume wenye vitambi na watoto mikononi. Mbele ya Clemens. Mbele ya kila anayewadai.

Ludger aliweka mkono kwenye paji la uso, akalitazama jeneza.

"Kapteni," akasema, na sauti ikamkatika, akaianza upya kwa nguvu mpaka ukuta wa kanisa ukaijibu. "Kapteni, naleta ripoti! Amri imetekelezwa. Kikosi kimefika nyumbani, chote. Kilichopotea ni kiatu kimoja."